Udongo Usiopanda Tela

Ukitaka kubomoa nyumba hapa Tabora miaka ile baada ya Uhuru, hukuanza kwa fundi. Ulianza kwa Mzee wa Tela. Fundi unaweza kumpata hata wa kuokoteza, lakini kifusi utakipeleka wapi? Nyumba za mtaa wetu wa Ng'ambo zilikuwa za udongo, kuta nene, na ukiulaza chini ukuta mmoja tu unapata kilima. Ukikiacha uani, mvua ikianza una tope la kuzamisha kuku. Kwa hiyo ulikwenda kwake, ukamwamkia, akakuitikia bila kukutazama, na ukishamaliza kueleza shida yako alikuwa na jibu lile lile kwa kila mtu.

"Nimesikia. Nenda."

Hapo hujui kama amekubali au amekufukuza. Unarudi nyumbani roho juu. Siku moja unafungua mlango asubuhi, unalikuta tela limeegeshwa barazani kwako, magurudumu yamekingwa kwa mawe, na yeye na ng'ombe wake hawapo. Ndivyo alivyokodisha. Tela linabaki kwako, mnalijaza wenyewe kwa makarai na mabeseni, kwa nafasi yenu, na likijaa mnampelekea habari. Anakuja na ng'ombe, anafunga nira, anakokota hadi kwenye machimbo ya udongo nje ya mji, yale mashimo ambamo babu zetu walichimba udongo wa kujengea. Anamwaga humo. "Nyumba imetoka shimoni, inarudi shimoni," alikuwa akisema. Watu walicheka, lakini mimi maneno hayo yalikuwa yananipa baridi.

Mimi nilikuwa na cherehani yangu barazani kwetu, nikishona magauni na suruali za shule, kwa hiyo kila kilichopita njia ile nilikiona. Yeye alipita sana. Alikuwa mfupi, mwenye kanzu aliyoikata magotini ili isiburuze, na kofia ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Vumbi jekundu lilikuwa limemwingia hata kwenye kope. Jina lake sikulijua, na nikikuambia nimemfahamu tangu ujana wangu hadi nywele zikaanza kunigeuka, utashangaa. Wote tulimwita Mzee wa Tela. Mama yangu peke yake alimwita "kaka", kwa heshima tu, maana hawakuwa na undugu.

Tabia alikuwa hana. Nisimpambe kwa sababu hayupo. Alikuwa na mdomo, jamani! Ukimchelewesha atakutukania hata mkwe wako. Ukimkaribisha chai anauliza, "Nimekuambia nina njaa?" Kisha anakaa, anakunywa, anaomba ya pili, na akiondoka hasemi asante. Fundi mmoja aliwahi kumwambia, "Mzee, neno asante halina uzito, hata tela lako linaliweza." Akamjibu, "Mbona wewe hujawahi kunipakilia?"

Ng'ombe wake wa siku hizo za Uhuru walikuwa wawili, aliwanunua huko Choma kwa wafugaji, na kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule kila kitu kupewa jina la mambo mapya, mmoja alimwita Uhuru na wa pili Kazi. Sasa Uhuru alikuwa anavuta kweli kweli. Kazi alikuwa mvivu, akifika kwenye kivuli anasimama. Basi mji mzima ukawa unasikia sauti ya mzee: "Uhuru twende! Kazi, mbona umelala? Kazi, unanitia aibu!" Katibu wa tawi la chama alikuja kumkanya, akamwambia anakejeli nchi. Mzee akamwuliza, "Kwani nimesema uongo?" Katibu akataka kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. Ng'ombe walibaki na majina yao.

Halafu kulikuwa na suala la majirani. Tela likikaa mlangoni kwako, mtaa mzima unaliona ni neema. Ukiamka asubuhi unakuta ndani mna kinu kilichopasuka, kitanda kisicho na tendegu, magunzi, na kila aina ya takataka ambayo wewe hukuitoa kwako. Mama yangu alikuwa akisimama katikati ya njia na kuitangazia dunia nzima kuwa mwenye kinu aje akichukue kabla hajataja jina. Mzee alipofika alitoa kimoja kimoja, akakipanga barazani kwa mtu mwenye nacho, halafu akapiga kelele ili wasikie waliojificha nyuma ya milango. "Tela nimekodisha kwa kifusi, si kwa aibu zenu!"

Lakini kilichomfanya awe yeye hakikuwa mdomo. Kilikuwa ni ufuo.

Ufuo, kwa asiyeujua, ni lile shimo linalochimbwa chumbani wakati maiti anapooshwa. Kitanda kinawekwa juu yake, maji yanashukia humo, na akishatolewa kwenda kuzikwa shimo linafukiwa, linashindiliwa, sakafu inasiribwa upya. Baada ya matanga watu wanarudi kulala chumba kile kile. Watoto wanacheza juu yake. Nyumba zote za zamani za mji wetu zina ufuo, nyingine nyingi, na hakuna anayeutaja mpaka aje mtu na sururu.

Kwetu sururu ilikuja pale kaka yangu aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam alipotaka upande wa nyuma ubomolewe, tujenge kwa tofali za kuchoma na bati. Ndiyo ilikuwa fahari ya wakati ule. Tela lililetwa, mafundi wakashika kazi, na karai la kwanza lilikuwa linainuliwa mzee alipojitokeza mlangoni.

"Simamisheni!"

Mafundi wakasimama.

"Nani alioshewa humu?"

Mimi nilidhani amechanganyikiwa. Mama ndiye aliyeinuka mkekani, taratibu, magoti yake yalikuwa yameshaanza kumsumbua.

"Baba yao alioshewa chumba hiki," akasema. "Na marehemu mama yangu chumba kile cha pili."

"Nionyeshe, dada yangu."

Mama akavua kandambili, akaingia, akanyoosha kidole. Mzee hakumpa fundi jembe, alichimba mwenyewe, mpaka pale udongo laini wa kufukia ulipokwisha na ardhi ngumu ikaanza. Akautia kwenye karai safi, akaufunika kwa kipande cha bafta nyeupe alichokitoa kifuani. Udongo ule haukupanda tela. Aliubeba begani, akatangulia kwa miguu hadi pembezoni mwa makaburi, akauzika huko. Akarudi kwa karai la pili, akafanya vile vile. Mwisho akanawa mikono kwenye birika letu na kurudia ukali wake. "Haya, jazeni tela lenu, mnakodoa macho nini?"

Alasiri ile mama alilia. Tangu atoke edani sikuwa nimemwona akimlilia baba. "Miaka yote hii nimefagia juu yake," akaniambia. "Nilikuwa nimesahau kama nimefagia juu yake."

Mji ulimsema kwa hilo, na wengine kwa hoja. Mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani, mtu mwema, alimfuata barazani kwetu, akamweleza kwa upole kuwa hayo hayamo katika dini, maji yakishaingia ardhini ni ardhi tu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu mwingine yeyote.

"Mimi sikusema ni dini, mwalimu," akajibu. "Nimesema ni adabu."

Nakumbuka mwalimu aliangalia chini, pale miguu yake ilipokuwa, kama anayejiuliza amesimama juu ya nani.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Kiarabu, mwenye duka la nguo, ambaye nyumba yao ilikuwa kubwa, ya tangu enzi za misafara, wapagazi walikuwa wakitua mizigo ya pembe uani mwao. Alitaka kuibomoa upesi apate kujenga duka la kisasa. Mzee alipouliza swali lake, yule bwana akasema, "Mzigo ni mzigo. Beba." Mzee akakaa juu ya mti wa tela, akawafungua ng'ombe wale majani, yeye akaanza kutafuna karanga. Jua likapanda, mafundi wanangoja, bwana anafoka, mzee anatafuna. Mwishowe mama mtu akatoka. Alikuwa bibi mzee sana, hakuwa akitoka nje kabisa, alikuja ameshikwa mkono na mjakazi. Akamwambia mwanawe, "Mwache. Huyu ana haki kuliko wewe." Akaanza kuonyesha: hapa babako, hapa dada zangu, hapa mtoto wangu wa kwanza ambaye wewe hukumjua. Yule bwana alikuwa hajawahi kuambiwa kuwa alitanguliwa na mtoto. Akakaa kizingitini, akajifunika uso kwa kilemba, na siku hiyo kazi haikuendelea. Siku iliyofuata aliushika mwenyewe ule udongo wa kaka yake, akaandamana na mzee hadi makaburini, na tangu hapo walipokutana njiani alikuwa akimwamkia shikamoo mbele ya watu.

Sasa sikia kioja. Mtu huyu aliyeheshimu maiti kiasi hicho alikuwa haendi msibani. Hakuenda kabisa. Na Tabora kutokwenda msibani ni kujitenga na binadamu, asiyezika hazikwi. Mtu akifa mtaa wa tatu, wanaume wote wanafunga milango ya maduka wakabebe jeneza, yeye unamkuta kwenye machimbo anamwaga kifusi. Walimsema usoni. Alijibu, "Nyie mna zamu yenu, mimi yangu ni baadaye. Nitakuja nyumba ikibomolewa." Wengine waliapa kuwa siku akifa watamwachia ng'ombe wake wamzike.

Mama ndiye aliyenieleza, siku moja nilipomsema mbele yake.

"Nyamaza," akaniambia. "Hujui unachokisema."

Alikuwa na binti, huyu mzee. Mmoja tu. Alikuwa amekwenda Choma kununua ng'ombe wake wa kwanza kabisa, zamani, Mwingereza angali anatawala, na huku nyuma ikapita surua iliyozoa watoto kama upepo. Akarudi kwa miguu akiwaswaga ng'ombe wake, ana furaha, amemnunulia mtoto ushanga. Akakuta matanga. Mtoto alikuwa ameshazikwa. Akaomba kuonyeshwa kaburi, lakini siku zile watoto walizikwa wengi mno, tuta kwa tuta, na mvua ilikuwa imepita. Shangazi mtu alionyesha tuta hili, mjomba akaonyesha lile, mchimbaji akasema hapana, ni kule. Kila mtu na lake. Kitu kimoja tu kilikuwa na uhakika. Chumbani, ufuo aliooshewa ulikuwa bado haujakauka.

"Pale akapiga magoti," mama alisema. "Hakuinuka mpaka wakamwinua. Mkewe alirudi kwao baadaye, akaolewa huko. Yeye akabaki na nyumba ile na pale chini."

"Ni chumba gani?" nikauliza.

"Cha ndani. Mimi sikuwapo alipooshwa, nilikuwa na mtoto wangu mgonjwa. Na waliomwosha wote wameshatangulia."

Tangu siku hiyo, kila nilipomsikia akimfokea Kazi njiani, nilikuwa nikiacha cherehani kidogo. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia. Mtu huyu alijua nyumba za watu wote zilipobeba maiti wao, na yake hakuizungumza na mtu.

Kisha yakaja mambo ya vijiji vya ujamaa. Mikutano ikawa mingi, na katika mkutano mmoja wa mtaa kijana mmoja, msemaji sana, akasimama akauliza: ni haki mtu mmoja kumiliki tela na kulikodisha, wakati wenzake wanabeba mizigo kichwani? Si unyonyaji huo? Watu wakapiga makofi, na wengi wao walikuwa ndio wale waliotupa vinu vyao humo. Ikaamuliwa tela na ng'ombe vikasaidie kijiji kimoja kipya upande wa Tura, kwenye reli. Yeye akaambiwa anaweza kubaki mjini kama anataka. Kubaki afanye nini? Aliwatazama Uhuru na Kazi. "Hawa hawajui kulima na mtu mwingine," akasema, akajiandikisha.

Kabla ya kuondoka alikuja kwetu, akampa mama ufunguo wa nyumba yake.

"Dada yangu, nakuachia hii. Chumba cha ndani usiingie kufagia."

"Sitaingia, kaka."

Ni hivyo tu. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja zaidi, na mama alikuwa na nafasi ya kuuliza. Wote wawili waliogopa kulitaja, mmoja kwa uchungu na mwingine kwa heshima.

Wakaja watu na ndoo ya chokaa. Njia yetu ile ya zamani, ambayo misafara ilipita ikitoka Ujiji kwenda pwani, ilikuwa inapanuliwa iwe barabara hasa hadi stesheni, na nyumba zilizosogea mbele zikapigwa alama. Yetu ilinusurika. Ya mzee ilikuwa kwenye mstari. Mama akahangaika kama aliyeunguliwa na nyumba. Tukampa ujumbe jirani yetu anayefanya kazi relini, akaushusha Tura. Jibu likarudi kwa njia ile ile: mzee amepata habari, ameomba ruhusa, ameambiwa angoje palizi ya shamba la pamoja iishe, watu ni wachache.

"Palizi!" mama akasema. "Mtoto wake anakwenda kumwagwa barabarani, wao wanasema palizi!"

Maana tulishajua kifusi kilikuwa kinapelekwa wapi. Hakikuwa kinakwenda kwenye machimbo. Lilikuwapo lori la kubinua, linazoa nyumba zilizobomolewa na kuzimwaga pale barabara ilipokuwa bondeni, kisha katapila linasawazisha. Nyumba za watu zilikuwa zinageuka barabara mbele ya macho yetu.

Asubuhi lori lilipofika nyumba ya jirani yake, mama alijifunga kanga kiunoni, akachukua ufunguo, jembe na karai, akaniambia, "Twende. Kama hawezi kuja, tutamfanyia sisi."

Chumba cha ndani kilikuwa na giza na harufu ya udongo uliofungiwa. Hapakuwa na vitu. Kwenye ukuta mmoja palikuwa na kitanda cha kamba. Kwenye ukuta wa pili palikuwa pametandikwa jamvi dogo la ukindu, kuukuu, halina kitu juu yake. Nje mafundi walikuwa wanapiga kelele tutoke. Mimi nikalikunja jamvi haraka nikalitoa nje lisichafuke. Mama akasukuma kitanda. Kila mtu wa kwetu anajua ufuo unachimbwa chini ya kitanda. Akapiga magoti yale mabovu, akachimba kwa jembe, akamalizia kwa mikono, anasoma dua huku anachimba, jasho na machozi vinamtoka pamoja. Tukajaza karai. Nikavua mtandio wangu mweupe nikalifunika. Tulipotoka, ukuta wa mbele ulikuwa umeshalala.

Karai lile lilikaa chumbani kwa mama, kwenye pembe, hakuna aliyeruhusiwa kupita karibu. Mzee alipofika palizi ilikuwa imekwisha na mahali pa nyumba yake palikuwa barabara. Alipita hapo bila kusimama, akaja moja kwa moja kwetu. Alikuwa amekonda. Mama akamtolea karai kwa mikono miwili.

Akafunua mtandio. Akatazama. Akachukua udongo kidogo, akausugua kwa vidole.

"Mlichimba wapi?"

"Chini ya kitanda, kaka. Pale pale."

"Na jamvi?"

"Lipo," nikasema mimi, nina furaha. "Nililitoa mapema, halikuchafuka hata kidogo." Nikamletea.

Alilipokea jamvi, akalikumbatia. Kisha akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Asante sana, dada yangu. Mungu akulipe."

Akalibeba karai begani kama alivyobeba yetu, akaenda nalo makaburini kwa miguu. Mama alisimama barazani akimtazama mpaka akapotea. Tangu siku hiyo, kila alipoumwa na dunia, alikuwa akijiliwaza kwa hilo. "Nimefanya mengi ya ovyo maishani," alikuwa akisema, "lakini lile la mtoto wa kaka nililifanya."

Mama alifariki katika msimu wa mvua, mwaka ambao vijiji vilikuwa vimeshazoeleka na foleni za sukari nazo zimeshazoeleka. Msiba ulipojaa watu, wanaume barazani wakaanza kunong'ona. Mzee wa Tela amekuja. Mtu asiyejua msiba! Alikuwa ameshuka treni alfajiri, ana jamvi lake kwapani, kanzu ile ile ya magotini. Hakumsalimu mtu. Akaniita mlangoni.

"Nipe jembe," akasema. "Ufuo wa dada yangu nitauchimba mimi."

Akauchimba. Wanawake tukaosha. Baada ya kuzika akarudi akaufukia, akaushindilia kwa miguu isiyo na viatu, pole pole, kama mtu anayemlaza mtoto.

Siku ya kuondoka kwake nilimsindikiza stesheni. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na barabara ile ilikuwa juu, imara, maji yote yameteremkia mtaroni. Mimi nikapita barabarani. Yeye akateremka mtaroni, kwenye tope, maji yakimfika vifundoni.

"Mzee, panda huku, utaumia humo."

"Nenda tu, mwanangu. Mimi napita huku."

Nikadhani ni ukaidi wake. Nikamshika mkono nimvute. Akaupokonya kwa nguvu mpaka nikashtuka.

"Hapo juu ndipo walipomwaga nyumba yangu," akasema.

"Lakini wako si ulimzika mwenyewe? Mama si alikupa mkononi?"

Akasimama. Aliangalia nyuma, upande wa kwetu, kama anayehakikisha kuwa mama kweli hayupo tena kusikia.

"Mama yako alinipa udongo wa chini ya kitanda."

"Ndiyo."

"Kitanda nilikihamisha." Alisema kwa sauti ndogo, sauti ambayo Kazi asingeisikia. "Nitalalaje juu ya mtoto? Nilikisukuma ukuta wa pili siku ile ile. Pale pake nikamtandikia jamvi."

Nikaliona lile jamvi kwapani mwake. Nikajiona ninavyolikunja haraka, ninavyosimama pale pale kwa miguu yangu. Nikachutama pembeni mwa barabara.

"Kwa nini hukutuambia?" nikamwuliza mwishowe.

"Niseme nini? Mwanamke mzima amepiga magoti mabovu, amechimba kwa kucha zake kwa ajili yangu. Nimwambie dada yangu, umechukua vumbi?" Akatikisa kichwa. "Yeye hakukosea. Mimi ndiye sikumwambia mtu. Niliwalazimisha watu wote wa mji huu kutaja pao, pangu nikapafanya siri."

"Sasa yuko wapi?"

Akaitazama barabara, kuanzia Ng'ambo tulikotoka hadi kule kwenye reli.

"Sijui ni wapi," akasema. "Kwa hiyo ni pote."

Nikavua viatu, nikashuka mtaroni. Tukaenda hivyo hivyo ndani ya maji, watu wa baiskeli wakitushangaa, hadi stesheni. Treni ilichelewa kama kawaida. Tulikaa juu ya mizigo ya watu, na ilipoanza kusikika mbali, akanigeukia.

"Pale pa mama yako umeweka nini?"

"Nimeweka mtungi wa maji, asipakanyage mtu."

"Mtungi huhamishwa," akasema. "Mwambie mtu."

Akapanda. Sikumwona tena. Nilisikia baadaye kwamba amefia kijijini, na kwamba wanakijiji walimzika vizuri. Nilimwuliza kila aliyetoka Tura kama anajua alioshewa nyumba gani, chumba kipi. Hakuna aliyejua, na wengine walinishangaa kwa kuuliza.

Nami sasa ndiye mzee. Watoto wa kaka yangu wanakuja na mafundi wenye kamba za kupimia, wanataka kubomoa nyumba yote wajenge ya ghorofa. Wajenge, siwazuii. Lakini wanasema nina maneno mengi, hawasikilizi nikianza, kwa hiyo namwambia yeyote atakayesoma. Pale pa mama ni chumba cha mkono wa kulia ukitoka ukumbini, ubavuni mwa ukuta wa upande wa msikiti, chini ya kidirisha kidogo. Mtungi msiuangalie, umeshahamishwa mara nyingi. Nimesema.